Sista Aliyeivaa Maski Kwanza

Nilimfunga mtu kidevu. Naanza na hilo kwa sababu kila nikijaribu kuanzia kwingine kalamu inarudi hapo, na kwa sababu siwezi kumweleza Sista bila kueleza kwanza jinsi nilivyomkosea mgonjwa wake.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Ufundi nilijifunza mwenyewe, kwa kufungua redio zilizokufa kwenye kibanda changu Nyalenda, Kisumu, na kusoma kitabu chochote cha umeme kilichonifikia, hata kama kimekosa kurasa za mwanzo. Hospitali ya misheni iliyo kando ya barabara ya kwenda Kisian ilinichukua nitengeneze majokofu, taa na mashine za kufyonza makohozi. Mimi ni mtu wa wasiwasi. Nikikaza skrubu, narudi kuitazama mara tatu, kisha nikiwa nyumbani naifikiria tena. Basi siku sanduku la misaada lilipofunguliwa, katikati ya miaka ya tisini, na ndani yake mkatoka mashine ya kumsaidia mtu kupumua kwa maski, niliona kama nimeletewa mimi.

Haikuwa kubwa kuliko betri ya lori. Ilivuta hewa ya chumbani ikaisukuma kwa mpira mrefu hadi kwenye maski. Mgonjwa akivuta pumzi, inamwongezea nguvu, akitoa, inapunguza. Haikuhitaji kumtia mtu bomba kooni. Kuna watu ambao mapafu yao yamechakaa kwa moshi au tumbaku, na kifua kikiwapanda wanapumua kwa nguvu mpaka misuli yenyewe inachoka na kutaka kuacha kazi. Kwa watu hao mashine ile ilikuwa kama mtu aliyekuja kushika upande wa pili wa gunia. Kitabu chake kiliandikwa kwa lugha ambayo hapana mtu pale aliyeijua. Nilikisoma kwa kufuata michoro, siku tisa.

Mgonjwa wa kwanza alikuwa mzee mkulima wa mpunga kutoka Ahero. Tulimwita Jaduong', kama mzee yeyote wa huku anavyoitwa kwa heshima. Sista, muuguzi mkuu wa wodi, alimvalisha maski kwa mikono yake. Maski yenyewe ilikuwa ya kufunika pua tu, na mzee alikuwa ameng'olewa meno sita ya chini tangu ujana, kwa mila, kama wazee wengi wa rika lake, midomo ikawa haishikani vizuri. Hewa iliingia puani ikatokea mdomoni, na mashine ikalia. Sista akamwambia taratibu afunge mdomo. Akafunga kidogo, akasahau, mashine ikalia tena. Sista aliona hiyo inatosha, maana kifua cha mzee kilikuwa kimeanza kutulia. Mimi sikuona kama inatosha. Sista alipoitwa kumpokea mgonjwa mwingine mlangoni, nilichukua bandeji, nikaipitisha chini ya kidevu cha mzee, nikaifunga utosini. Mashine ikanyamaza. Nilisimama nikiitazama kazi yangu, nikaiona safi.

Ilikuwa saa ya watu kuja kuona wagonjwa wao. Mke wake akaingia na chupa ya chai na kikapu. Huku kwetu kidevu cha mtu mzima hufungwa kitambaa namna ile akishakata roho, ili mdomo usibaki wazi. Nilijua. Sikuhitaji kufundishwa. Ila wakati ule nilikuwa nafikiria kuvuja kwa hewa, si mtu. Mama yule aliangusha chupa, akashika kichwa, akaanza kumlilia mumewe kwa jina lake la sifa, lile ambalo mjane huliita amesimama mbele ya nyumba. Na mzee akafumbua macho, akajisikia analiliwa.

Aling'oa bandeji na maski pamoja. Hakukubali maski imfike usoni tena, hata Sista alipomsihi. Siku ya tatu jamaa zake wakamchukua nyumbani, na wiki haikwisha akafariki. Kama mashine ingemwokoa, sijui. Sista naye alisema hajui, na hakusema hivyo ili kunifariji.

Hakunigombeza. Aliokota vigae vya ile chupa kimoja kimoja mpaka sakafu ikawa safi, ndipo akasimama.

"Fundi," akasema. "Umefunga mtu kama maiti, na yeye anasikia."

"Ilikuwa inavuja, Sista."

"Ungeacha ivuje. Hiyo mkono yako isiguse uso ya mgonjwa wangu tena mpaka mimi niseme."

Kwa muda uliozidi mwaka hakusema. Nilitengeneza mashine, nikafua vichujio vyake, nikabadilisha plagi, lakini kutoka mpira unapoanza hadi uso wa mtu palikuwa kama mpaka wa nchi. Katika muda huo ndipo nilipomjua, kwa kuwa sikuwa na la kufanya ila kumtazama.

Alikuwa mfupi, mnene wa mabega, na viatu vyeupe alivyovipaka chaki badala ya rangi. Saa aliining'iniza kifuani, juu chini, ili aione akiinamisha kichwa. Lakini nilimwona akiitumia mara chache. Akitaka kujua mtu anapumuaje alikuwa anaweka kiganja mgongoni mwa mgonjwa na kunyamaza. Daktari akiuliza, anatoa jibu. Nilipomletea jedwali nililochora mwenyewe, lenye mistari ya rangi tatu, la kuandikia namba za mashine kila nusu saa, alilitazama kwa heshima akalibandika ukutani. Kesho yake aliniuliza, akionyesha mashine, "Sasa hii taa ya kijani ndiyo inapumua, ama ni mama pale?" Jedwali lilikaa ukutani miaka mingi. Nadhani aliliacha kwa sababu alijua nililichora nyumbani Jumapili nzima.

Alikuwa ameishika wodi ile tangu mwanzoni mwa miaka ya themanini, zamani sana kabla ya mashine. Siku hizo mtungi wa oksijeni ulisubiriwa kama mgeni, na ukifika unagawanywa kwa kijiko. Hata ilipopatikana ya kutosha, kwa watu wa kifua cha siku nyingi aliifungua kidogo tu. Alikuwa ameona mara nyingi kwamba mtu wa aina hiyo akimwagiwa oksijeni bila kipimo, anapata usingizi mzito, na kupumua kwenyewe kunapungua. Madaktari wapya kutoka chuo walikuja wakafungua mtungi mpaka mwisho. Alikuwa anangoja watoke, anaupunguza, kisha anawafuata hadi veranda kuwaambia amefanya nini na kwa nini. Hakuwaficha hata mara moja, na wengi walirudi kumshukuru.

Silaha yake ya zamani ilikuwa meza. Alimketisha mgonjwa kitandani, akasogeza meza mbele yake na mito miwili juu, ili alaze mikono na kichwa hapo. Halafu anavuta kiti, wanatazamana.

"Mama, uji ni moto. Poza."

"Uji gani?"

"Huu hapa. Huoni? Poza, mos mos, polepole. Ukipuliza kwa nguvu utamwagika."

Na mgonjwa anabana midomo, anapuliza uji usiokuwepo, na pumzi inatoka ndefu kuliko ilivyotoka tangu asubuhi. Niliona watu wakivuka siku nzima kwa uji ule. Wengine waliomba sukari. Aliwaambia sukari imekwisha, mgao ujao ni Jumatatu.

Alikuwa mkali kwa harufu ya moshi. Mgonjwa akikutwa na sigara, zinachukuliwa na kutiwa kwenye droo yake. Mtu akiruhusiwa kwenda nyumbani alitegemea mahubiri. Badala yake Sista anafungua droo, anamrudishia pakiti yake vile ilivyokuwa, bila moja kupungua. Nilimuuliza kwa nini hazitupi. "Ni zake," akasema. "Akizitupa yeye, hiyo ndiyo dawa. Nikizitupa mimi, atanunua zingine hapo geti." Mlinzi wa geti, aliyekuwa akiziuza, alimwogopa kama mvua ya mawe.

Alikuwa mtu wa kanisa, tena wa kwaya, ingawa waliosimama karibu naye walisema anaimba kama mtu anayeita watoto waje kula. Hakusema uongo. Aliwahi kumwambia mkurugenzi wa hospitali mbele ya wageni kwamba shuka walizoziona zilikuwa za kuazima na zingerudi wakishaondoka. Lakini kwa habari ya mashine alidanganya kila wiki, tena kwa uso mkavu.

Sababu ilikuwa hofu. Watu walikuwa wameona kwamba anayewekwa oksijeni mara nyingi hatoki, kwa hiyo waliamini ndiyo inayoua. Maski yenye mpira na mashine inayonguruma ilikuwa mbaya zaidi. Mgonjwa alikuwa anamshika Sista mkono na kuuliza hicho kitu kimetoka wapi.

"Hapa hapa Kisumu," Sista anajibu. "Imetengenezwa na vijana wetu."

"Kweli?"

"Nikudanganye kwa nini, Mama?"

Kisha anainua macho kutazama dari, sekunde moja hivi, na kuendelea na kazi. Nilikuja kujua kwamba pale anaomba msamaha. Mashine yenyewe aliifunika kitambaa cheupe alichofuma kwa mkono, chenye maua pembeni, kama vile vya kwenye viti vya sebuleni. Mimi nililalamika kwamba kitambaa kinaziba tundu la hewa. Akakikata shimo pale pale, akafuma ua kuzunguka shimo.

Sasa niseme alivyokuwa anavalisha maski, maana hilo ndilo nililotaka kuandika tangu mwanzo.

Aliivaa yeye kwanza. Kila mara, mbele ya kila mgonjwa. Anaipangusa kwa dawa, anaiweka usoni mwake, mashine ikinguruma, anapumua mara tano au sita huku mgonjwa akimtazama. Macho yake yalikuwa yanacheka juu ya ile plastiki. Anaivua, anaipangusa tena, halafu hamvalishi mtu. Anamkabidhi. "Shika wewe. Ukichoka toa. Ni yako." Mgonjwa anaisogeza puani, hewa inampiga, anaitoa haraka. Sista anangoja. Mgonjwa anajaribu tena. Mara ya nne au ya kumi anaiacha hapo. Mikanda ilikuja mwisho kabisa, na chini ya kila mkanda alipitisha vidole viwili kuona kama haubani. Kazi ambayo ningeifanya kwa dakika moja ilimchukua karibu saa. Mwanzoni nilihesabu dakika hizo kwa uchungu. Baadaye niligundua kwamba wagonjwa wake hawakuing'oa.

Kuvuja, hata hivyo, kulikuwa tatizo la kweli, na hilo alilijua. Nilitaka kulimaliza bila kidevu cha mtu kuguswa. Kwenye stoo ya chumba cha upasuaji palikuwa na maski nyeusi za mpira, za zamani, za kufunika pua na mdomo kwa pamoja. Nilichukua moja iliyochakaa, nikaiunga na mpira wa mashine, nikahakikisha tundu la kutolea pumzi chafu liko wazi, maana likiziba mtu atavuta tena hewa aliyoitoa. Mikanda niliikata kwenye blada ya tyubu ya baiskeli, niliyoinunua kwa fundi wa Kondele, nikaivika kitambaa ili isikwaruze. Niliivaa wiki mbili kibandani kwangu. Jirani alidhani nimeanza kunusa petroli.

Nilipompelekea Sista hakusifu. Alifunga mlango wa ofisi, akaivaa, akaandika ripoti nzima ya wodi akiwa nayo usoni. Daktari aliingia, akamwona, akatoka. Baada ya saa moja aliivua, akiwa na alama nyekundu puani.

"Hapa inauma," akasema, akigusa pua. "Ongeza pamba. Hapo kwingine sina neno."

Nikaongeza pamba. Niliingoja sentensi nyingine, ile ya kunifungulia mikono. Haikuja.

Ilikuja mchana mmoja wa mvua ya Aprili. Kitandani alikuwepo mama aliyekausha samaki kwa moshi miaka thelathini, kwanza wa kwake, kisha mgongo wazi kutoka viwandani, ile mifupa ya mbuta, samaki mkubwa wa ziwani, iliyobaki baada ya minofu kuondolewa. Kifua chake kilikuwa kimeshika tangu juzi yake. Midomo ilikuwa imegeuka rangi, na usingizi ule mbaya ulikuwa umeanza kumvuta. Sista alimpa maski yangu, na kwa saa tatu mama yule alirudi kidogo kidogo, mpaka akaanza kuuliza nani anawalisha kuku wake.

Radi ikapiga upande wa ziwa, stima ikapotea, taa zikazima. Mashine ikalia mara moja, ikazima. Jenereta ilikuwa imefunguliwa, vipande vyake viko mezani kwangu, nikisubiri kifaa kutoka Nakuru. Sista alikuwa tayari ameshachomoa mpira na kuunga mfuko wa mpira unaobanwa kwa mkono, anamsukumia mama hewa kupitia maski ile ile. Alibana muda mrefu. Vidole vyake vilikuwa na ugonjwa wa viungo, na niliona mkono wa kulia ukianza kuchelewa kufunga. Wauguzi wengine wawili walikuwa kwa mama mwingine anayejifungua.

"Fundi, kuja."

Nilisimama pale pale.

"Kuja, nimesema. Osha mikono."

Nikaosha. Akaniwekea mfuko mkononi, mkono wake juu ya wangu.

"Mimi sijui kupumulisha mtu, Sista."

"Vizuri. Usimpumulishe. Ngoja aanze yeye, halafu msaidie. Tazama kifua. Sasa. Acha. Sasa."

Nilibana mapema, mama akakohoa. Nikaganda.

"Umekosea," Sista akasema, sauti ile ile. "Endelea. Akiwa hapo anapumua, ukikosea unarekebisha. Ukisimama ndiyo mbaya."

"Huyu kijana ananipiga na hewa," mama akasema chini ya maski, kwa sauti ndogo.

"Anajifunza, Mama. Mvumilie."

"Mwambie mos."

"Umesikia? Mos."

Nilibana mos. Kifua kikiinuka, nakifuata, kikishuka, naacha. Baada ya muda sikuhesabu tena. Sista alikuwa ameondoa mkono wake juu ya wangu na sikujua ameuondoa lini. Alikuwa ameketi kwenye kiti akijikanda vidole, macho kwenye kifua cha mama. Stima iliporudi, mvua ilikuwa imekwisha na vyura wanapiga kelele kwenye mtaro.

Alipita akaangalia uso wa mama, akapitisha vidole viwili chini ya mkanda wa blada. "Huu uko sawa," akasema. "Kesho kuja mapema. Kuna mzee kitanda cha nne, utamvalisha wewe."

Mama wa samaki alikwenda nyumbani baada ya siku nane. Aliacha kazi ya moshi akaanza kuuza nyanya, na alinipa jina ambalo wodi nzima ililishika: Mos.

Sista alistaafu. Wodi ilimfanyia sherehe ya soda na mikate, akatoa hotuba ya dakika mbili, nusu yake kuhusu vichujio. Kitambaa hakukichukua.

Mara ya mwisho nilipomwona kazini hakuja kama Sista. Ilikuwa mwaka jana, saa ya kuona wagonjwa. Kaka yake mkubwa aliletwa asubuhi kifua kimembana, mzee aliyekuwa msimamizi wa tanuri la matofali maisha yake yote. Niliitwa. Nilikuwa nimepiga magoti kando ya kitanda nikipangusa maski nilipoinua macho nikamwona mlangoni, bila sare, leso mabegani, chupa ya chai mkononi.

Nilijua anaona nini. Mimi na mashine, mgonjwa asiye na meno sita, na yeye amesimama pale pale aliposimama mke wa yule mzee wa Ahero.

Sikumsalimu. Niliivaa maski, nikapumua mara sita. Nikaivua, nikaipangusa, nikamkabidhi kaka yake.

"Shika wewe, Jaduong'. Ukichoka toa."

Mzee aliigeuza geuza kama mtu anayekagua tofali. "Hii kitu imetoka wapi?"

Sijui kudanganya. Nikidanganya masikio yanawaka. Lakini nilitazama mpira mweusi niliounga kwa gundi yangu, na blada ya Kondele, na pamba niliyoambiwa niongeze.

"Hapa Kisumu," nikasema. "Hiyo unayoshika nimeitengeneza mimi."

"Kweli?"

Nikamwona Sista. Alikuwa ananitazama mimi. Hakuinua macho kwenye dari.

"Ni kweli," akamwambia kaka yake. "Nilikuwepo."

Mzee akaisogeza usoni, akaitoa, akaisogeza tena. Ilituchukua karibu saa. Mashine ililia mara nyingi, nikaiacha ilie. Sista alikaa kwenye kiti cha wageni, akamimina chai kwenye kifuniko, na mara mbili alifunga macho kama mtu aliyeko kanisani. Tulipofika kwenye mikanda hakusogea kuja kupima. Alininyooshea vidole viwili kutoka pale alipokaa, nikapitisha vyangu, nikaitikia kwa kichwa kwamba kuna nafasi.

"Basi," akasema, akanipa chai iliyobaki.

Tangu siku ile ya bandeji sijafunga kidevu cha mgonjwa. Maski naivaa mimi kwanza, kisha namkabidhi mwenyewe aishike, na mashine ikilia naangalia kifua kabla ya kuigusa.